Nikae nisubiri usingizi ukae sawa ndo nianze mazoezi, au mazoezi ndo yalete usingizi?

Swali nililoletewa ni hili: "Shikamoo daktari. Nina miaka 24, kazi yangu ni ya kompyuta, nakaa toka asubuhi mpaka jioni na nikirudi nakaa tena na simu. Napanda kitandani saa sita usiku lakini usingizi unakuja saa saba na nusu huko, alamu inaniamsha saa moja asubuhi naamka kama sijalala kabisa. Wikiendi nachelewa zaidi, saa nane usiku ndo nalala, naamka saa tano asubuhi. Marafiki wanasema nifanye mazoezi ndo ntalala vizuri, nikajaribu kukimbia usiku wiki nzima nikaona hamna kitu, halafu siku nisipolala vizuri nguvu za kukimbia siipati kabisa. Sasa nianze na kipi? Na je, inawezekana ni ugonjwa?"

Marahaba mdogo wangu. Nakujibu moja kwa moja halafu ntaeleza kwanini. Usisubiri usingizi ukae sawa ndo uanze kuushughulisha mwili, manake kwa maisha uliyonielezea hiyo siku haiji yenyewe. Na usianze na kukimbia usiku. Anza na saa moja tu ya kuamka, ile ile kila siku, na ukishaamka toka nje utembee kwenye mwanga wa mchana, hata kama usiku umelala vibaya, na hasa ukiwa umelala vibaya. Mengine tunayaongeza juu ya hapo. Na usipime matokeo kwa usiku mmoja au wiki moja, hilo ndo kosa ambalo vijana wengi wanalifanya na linawatoa njiani wakiwa ndo kwanza wameanza.

Sasa kwanini. Utasikia sana kwamba tafiti zinaonyesha vijana wenye tabia bwete, yaani wanaokaa muda mrefu bila kuushughulisha mwili, wanalala vibaya kuliko wenzao. Ni kweli zipo nyingi, hasa za wanafunzi wa vyuo, na nyingi zimefanyika hivi: watu wanapewa dodoso la usingizi, mara nyingi lile la Pittsburgh la mwaka 1989 ambalo Daniel Buysse na wenzake walilitengeneza, linatoa alama kuanzia 0 mpaka 21 na ukizidi 5 unahesabiwa unalala vibaya, halafu wanapewa dodoso lingine linalouliza wiki iliyopita umetembea kiasi gani na umekaa kiasi gani, kisha majibu yanalinganishwa. Tatizo ni kwamba ukimuuliza mtu vyote viwili siku hiyo hiyo huwezi kujua kipi kilianza. Inawezekana kukaa ndo kumeharibu usingizi, inawezekana usingizi mbovu ndo umemkalisha, na inawezekana pia kuna kitu cha tatu kama stresi au sonona kinachovuruga vyote viwili kwa mpigo. Kwahiyo mtu akikuletea takwimu ya aina hiyo na kukwambia "unaona, huna usingizi kwasababu hufanyi mazoezi", ujue amechukua nusu ya habari.

Zenye kutusaidia zaidi ni zile zilizowafuata watu siku hadi siku. Mwaka 2013 Kelly Baron na wenzake huko Marekani waliwafuatilia wanawake wenye tatizo la kukosa usingizi waliokuwa kwenye programu ya mazoezi, na walichokiona ni hiki: mtu akilala vibaya leo, kesho anafanya mazoezi kwa muda mfupi zaidi. Lakini upande wa pili haukuwa hivyo, mazoezi ya leo hayakuonyesha kwamba usiku wa leo atalala vizuri zaidi. Ila baada ya miezi minne usingizi wao ulikuwa umetengemaa. Wale walikuwa ni wanawake wachache na umri wao umekwenda, si vijana kama wewe, kwahiyo sikuambii ni sheria ya mwili wako. Lakini inaendana na ninachokiona kwa vijana, na inajibu karibu swali lako lote. Usingizi mbovu unakukata miguu kesho yake tu, wakati kutembea na mazoezi kunaulipa usingizi polepole. Kujishughulisha hakumlipi mtu kama kibarua wa kutwa, kunamlipa kama mwajiriwa wa mwezi. Wewe ulifanya kazi wiki moja, ukafungua bahasha ukakuta haina kitu, ukaacha kazi.

Na nyingine ya zamani kidogo, mwaka 1997, Abby King na wenzake wa Chuo Kikuu cha Stanford walichukua watu wazima waliokuwa hawafanyi mazoezi na wanalalamika usingizi, wakawapa mazoezi ya wastani kama kutembea kwa haraka, na baada ya wiki 16 wakawa wanapata usingizi haraka zaidi na wanalala muda mrefu zaidi kuliko wenzao ambao hawakufanya. Wiki kumi na sita. Hiyo namba iweke kichwani kuliko namba zote ntakazokutajia hapa.

Sasa twende kwenye hilo la "nguvu siipati", manake hapo watu wanajilaumu bure wakidhani ni uvivu. Ukikosa usingizi misuli yako haijapoteza nguvu kiasi unachodhani, ukiambiwa unyanyue kitu kizito mara moja utanyanyua karibu kama kawaida. Kinachobadilika zaidi ni jinsi ubongo unavyoipima kazi. Mwendo ule ule, mlima ule ule, unauhisi ni mgumu zaidi, kwahiyo unaukata mapema au huanzi kabisa. Ubongo uliochoka pia unachagua kitu rahisi kilicho karibu, na kitu rahisi kilicho karibu saivi ni simu na kiti. Ndo maana nasema siku uliyolala vibaya punguza dozi, usiiache. Kama ulipanga dakika 30 tembea 10, taratibu, umalize. Kuacha kabisa ndo kunaujaza mzunguko: umelala vibaya, umekaa kutwa, usiku mwili haujadai kupumzika, unalala vibaya tena.

Hapo kwenye "mwili haujadai kupumzika" nieleze kidogo. Usingizi unaongozwa na vitu viwili vikubwa, na maelezo haya yametoka kwa Alexander Borbély wa Zurich mwaka 1982 na mpaka leo ndo tunayafundisha. Cha kwanza ni hamu ya usingizi inayojijenga kadri unavyokaa macho, na sehemu ya hiyo hamu inatokana na kemikali inaitwa adenosini inayojikusanya kwenye ubongo tangu unapoamka mpaka unapolala, kafeini inafanya kazi kwa kuziba milango ya hiyo kemikali. Cha pili ni saa ya ndani ya mwili, ambayo iko kwenye ubongo na inaamua ni saa ngapi homoni ya melatonini ianze kutoka, joto la mwili lishuke, na wewe uanze kusinzia. Ukitaka kulala vizuri lazima hivi viwili vikutane kwa wakati mmoja. Kwako wewe havikutani, na kukaa ndani kutwa nzima kunaviharibu vyote.

Kwenye hamu ya usingizi, mazoezi yanachangia. Ukiushughulisha mwili mchana usiku wake unapata usingizi mzito kidogo zaidi, ule wa mwanzo wa usiku ambao mwili unautumia sana kujirekebisha. Nasema kidogo na namaanisha kidogo, tofauti inayoonekana kwenye vipimo vya usiku mmoja si kubwa, asikudanganye mtu kwamba ukipiga pushapu leo utalala fofofo leo. Inayokua zaidi ni kwa wanaofanya kwa wiki nyingi, na cha kuvutia ni kwamba wao wenyewe wanausikia usingizi umekuwa mzuri zaidi kuliko mashine inavyoonyesha. Mimi hilo silidharau hata kidogo, maana mgonjwa haji kwangu kulalamikia mashine, anakuja kwasababu anaamka amechoka.

Halafu kuna uchovu wa aina mbili ambao wewe unauchanganya na karibu kila mtu anayefanya kazi ya kukaa anauchanganya. Jioni kichwa kimechoka, macho yanauma, mabega yamekaza, unasema nimechoka sana. Lakini moyo haujapiga kwa kasi hata mara moja siku nzima, miguu haijafanya kazi yoyote. Ule uchovu wa kichwa unakutuma kwenye kochi na simu, haukutumi kitandani kulala. Vijana wengi wanaoniambia "nimechoka siwezi kutembea" nikiwaambia watembee dakika kumi tu warudi waniambie, wengi wanarudi wakiwa wamechangamka kuliko walivyoondoka.

Kwenye saa ya mwili ndo kuna jambo ambalo naona halisemwi vya kutosha kwa vijana, naomba unielewe hapa. Umri wako wenyewe unaisukuma saa mbele. Till Roenneberg na wenzake mwaka 2004 walionyesha kwamba watu wanazidi kuchelewa kulala kadri wanavyokua kutoka utotoni, na wanafikia kilele cha kuchelewa karibu na miaka 20, wasichana mapema kidogo kuliko wavulana, baada ya hapo saa inaanza kurudi nyuma polepole. Kwahiyo wewe wa miaka 24 kutosikia usingizi saa nne usiku si tabia mbaya wala ukaidi, ni mwili. Wazazi na mabosi wangelijua hili wangepunguza kuwalaumu vijana. Lakini kuna kitu kinachoiongezea hiyo saa kuchelewa, nacho ni kukosa mwanga mkali asubuhi. Ndani ya ofisi au chumba mwanga mara nyingi ni luksi (kipimo cha ukali wa mwanga) 100 mpaka 500 hivi. Nje mchana, hata mawingu yakiwepo, unapata maelfu, mara nyingi zaidi ya 10,000, na jua kali linaweza kufika 100,000. Jicho linaona ni mwanga tu kote kote lakini saa ya mwili inaona tofauti kubwa mno. Mtu anayekaa ndani kutwa na usiku anakaa kwenye taa na skrini, saa yake haipati alama ya wazi kwamba sasa ni asubuhi na sasa ni usiku.

Kenneth Wright na wenzake wa Chuo Kikuu cha Colorado walilijaribu hili mwaka 2013, wakawapeleka watu wanane kupiga kambi milimani wiki moja, hamna taa ya umeme, hamna simu, mwanga wa jua na moto tu. Saa zao za mwili zilirudi nyuma kama masaa mawili, yaani melatonini ikaanza kutoka masaa mawili mapema zaidi ya walivyokuwa nyumbani, na waliobadilika zaidi ni wale waliokuwa wachelewaji. Sikuambii uende kambini. Nakuambia wale watu walipata vitu viwili kwa pamoja, mwanga na kujongea, na kwenye maisha ya kawaida pia vinakuja pamoja, mtu anayetembea nje asubuhi anapata vyote na mtu anayekaa ndani anavikosa vyote. Ndo maana mimi kwa kijana anayechelewa kulala sichagui jimu ya usiku, nachagua kutembea asubuhi, ingawa jimu ya usiku ndo inaonekana mazoezi ya kweli.

Angalia sasa wikiendi yako. Siku za kazi unalala saa saba na nusu usiku mpaka saa moja asubuhi, katikati ya usingizi wako ni kama saa kumi na robo alfajiri. Wikiendi unalala saa nane mpaka saa tano, katikati inakuwa saa kumi na mbili na nusu. Umesogea masaa mawili na robo. Kila Ijumaa unaihamisha saa yako kama mtu aliyesafiri mbali kuelekea magharibi na kila Jumatatu unairudisha kwa nguvu na alamu, halafu unajiuliza mbona Jumatatu na Jumanne ndo mbaya zaidi. Na hizo siku za kazi ni masaa matano na nusu tu ya kulala, wakati mtu mzima wa umri wako anahitaji 7 mpaka 9. Kwahiyo sehemu ya uchovu wako haina siri yoyote, usingizi ni mfupi. Mwaka 2003 Hans Van Dongen na wenzake walitoa majibu ya utafiti ambapo watu wenye afya waliolala masaa 6 tu kila siku kwa siku 14 umakini wao ulishuka mpaka kufikia wa mtu aliyekesha usiku mzima, na wao wenyewe hawakujihisi wako vibaya kiasi hicho, walidhani wamezoea. Hakuna kuzoea.

Kuhusu kukimbia usiku. Zamani tuliwakataza watu mazoezi ya jioni moja kwa moja, ila ushahidi uliokusanywa baadae, ikiwemo uchambuzi wa watafiti wa Zurich wa mwaka 2019, unaonyesha mazoezi ya jioni kwa watu wengi hayaharibu usingizi, isipokuwa yale makali sana yanayoisha chini ya saa moja kabla ya kulala. Moyo bado unadunda kasi, joto la mwili liko juu na ili usinzie joto la ndani linatakiwa lishuke. Wewe hukuniambia ulikuwa unakimbia saa ngapi, kama ilikuwa saa tano usiku ukarudi ukaoga ukaingia kitandani saa sita, hapo sababu mojawapo tumeipata. Kama ilikuwa saa moja jioni basi hukukosea muda, ulikosa tu subira na ukakosa mwanga. Mtu ambaye nafasi yake pekee ni jioni namwambia afanye jioni bila woga, amalize masaa mawili kabla ya kulala, bora hivyo kuliko asifanye.

Jambo lingine ambalo linapotea kwenye haya mazungumzo ni kwamba kutofanya mazoezi na kukaa muda mrefu ni vitu viwili. Unaweza ukaenda jimu saa zima na bado ukakaa masaa kumi yaliyobaki. Miongozo ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2020 inasema mtu mzima afanye dakika 150 mpaka 300 kwa wiki za shughuli ya wastani, au 75 mpaka 150 za nguvu, na siku mbili au zaidi za kukaza misuli, halafu ikaongeza kitu kwamba mtu apunguze muda wa kukaa. Na ikaondoa lile sharti la zamani kwamba lazima uende dakika 10 mfululizo ndo zihesabike. Hili kwako ni habari njema kabisa, manake dakika tatu za kupanda ngazi, tano za kutembea ukiongea na simu, zote zinaingia. Shirika hilo hilo lilisema mwaka 2024 kwamba karibu watu wazima 31 katika kila 100 duniani, kama bilioni 1.8, hawafikii hicho kiwango, kwahiyo uko na wengi.

Na usijipe moyo kwamba ujana unakulinda. Mwaka 1966 huko Dallas vijana watano wenye afya, umri miaka 20, walilazwa kitandani wiki tatu kwa makusudi ya utafiti. Uwezo wa miili yao kutumia oksijeni ulishuka kwa zaidi ya robo. Walipopimwa tena miaka 30 baadae ikaonekana zile wiki tatu ziliwashusha kuliko miaka 30 ya kuzeeka. Wewe hujalazwa kitandani, sawa, lakini inaonyesha mwili wa kijana unashuka haraka kiasi gani usipotumika, na ndo maana kukimbia wiki ya kwanza kunaweza kuumiza pumzi. Habari nzuri ni kwamba walipopewa mazoezi baada ya hapo walipanda tena.

Haya, ufanye nini. Kuamka saa moja asubuhi, kila siku, wikiendi isizidi saa mbili. Najua ndo ngumu kuliko yote na wiki ya kwanza utasinzia mchana, lakini hii ndo nguzo, saa ya kulala hauiamrishi ila saa ya kuamka unaiamrisha. Ndani ya saa moja baada ya kuamka toka nje dakika 20 mpaka 30, tembea mwendo ambao unaweza kuongea ila huwezi kuimba. Kama ratiba haikubali igawe, kumi asubuhi na zilizobaki saa za mapumziko ya mchana, ila za asubuhi usiziache. Kazini kila nusu saa au saa nzima ikizidi simama, tembea dakika mbili tatu. Wiki mbili za kwanza usiongeze kitu kingine chochote hata kama una hamu, manake hamu ya mwanzo ndo inawafanya watu wajipige mazoezi makali siku ya kwanza, siku ya pili miguu haishikiki, siku ya nne wameacha. Wiki ya tatu ndo uongeze siku mbili za skwati, pushapu, kuruka kamba, chochote unachokipenda, kukipenda ni muhimu kuliko jina la zoezi.

Usiku, panda kitandani ukisikia usingizi, si kwasababu saa imefika. Wewe unapanda saa sita unagaragara saa nzima na nusu na simu mkononi, na kitanda kinakuwa mahali pa kukaa macho. Richard Bootzin alilifanyia kazi hili tangu mwaka 1972 na mpaka leo ni moja ya njia zenye nguvu tulizonazo: ukikaa kama dakika 20 usingizi haujaja, inuka, nenda kakae sehemu nyingine yenye mwanga hafifu, fanya kitu kisicho na msisimko, rudi ukisinzia. Kuhusu simu wengi wanakutisha na mwanga wake wa bluu, mimi naona mwanga ni sehemu ndogo, kubwa ni kwamba inakula muda na haina mwisho, hamna video ya mwisho. Iache ichajie mbali na kitanda, nunua saa ya alamu. Kafeini ikate saa nane mchana, maana nusu yake inachukua kama masaa matano kutoka mwilini na kwa wengine zaidi, na usisahau vile vinywaji vya kuongeza nguvu navyo vina kafeini. Ukisinzia sana mchana lala dakika 20, kabla ya saa tisa alasiri, si zaidi.

Zile saa za mkononi zinazokuambia umepata usingizi mzito dakika ngapi, zitumie kwa hatua na kwa saa ya kulala na kuamka, hapo zinasaidia. Kwenye hatua za usingizi zinakisia, na nina vijana ambao wameamka vizuri kabisa wakaangalia saa ikawaambia wamelala vibaya wakaanza kujisikia vibaya. Bora daftari, andika umelala saa ngapi, umeamka saa ngapi, umetembea dakika ngapi, mchana ulikuwaje. Basi. Uliangalie baada ya wiki nne, halafu nane, usilichambue kila asubuhi. Kinachobadilika kwanza mara nyingi si usingizi, ni mchana, unajikuta saa kumi jioni hujasinzia kama zamani, mudi imekaa vizuri, halafu ndo muda wa kugaragara kitandani unaanza kupungua. Na kuna usiku utakaolala vibaya katikati ya haya yote bila sababu, hata mimi ninao, usibadilishe kitu kesho yake.

Ugonjwa sasa. Kwa ulivyoniandikia nina wasiwasi zaidi na ratiba kuliko ugonjwa, lakini sijakupima na kuna vitu ambavyo mazoezi hayavitatui, na sipendi mtu apoteze miezi anatembea wakati anahitaji matibabu. Kama unakoroma kwa nguvu au mtu amekuona unakata pumzi usingizini, nenda ukapimwe, hata kama wewe ni mwembamba na kijana. Kama miguu inakuwasha ndani kwa ndani jioni mpaka huwezi kuituliza, omba wapime madini ya chuma. Uchovu unaoendelea hata ukilala masaa nane vizuri, wapime damu na tezi ya shingo. Kama kwa wiki mbili au zaidi umekosa raha na vitu ulivyovipenda, unajiona hufai, au mawazo ya kujiumiza yanakujia, hilo usilisubirishe hata siku moja, ongea na daktari au mtu unayemwamini leo. Kama unasinzia ukiendesha chombo, acha kuendesha mpaka ujue sababu. Na ukifanya mazoezi kifua kikabana, ukazimia au moyo ukaenda ovyo, simama hapo hapo na uende hospitali.

Kama mambo ni yale yale, siku tatu au zaidi kwa wiki unakosa usingizi na imefika miezi mitatu, hapo inaitwa insomnia sugu, na tiba ya kwanza si vidonge. Chama cha madaktari bingwa wa Marekani mwaka 2016 kiliweka tiba ya kisaikolojia ya kubadili mawazo na tabia za usingizi (kwa Kiingereza wanaiita CBT-I) kuwa ndo ya kwanza kwa watu wazima wote wenye hiyo shida, ni vikao vichache na matokeo yake yanadumu. Ukifika kliniki iombe kwa jina hilo, ubebe na lile daftari. Vidonge vya usingizi usijinunulie, na zile dawa za mafua zinazosinzisha usizigeuze za kulalia, zinakuacha mzito kesho yake na huo uzito ndo utakurudisha kwenye kiti.

Ukianza Jumatatu hii nitumie daftari lako likifika wiki ya nne, na uniandikie pia hilo ambalo hukulisema, zile mbio zako za usiku zilikuwa saa ngapi.